Saba Imerudi Nyumbani

Nyumbani, ghorofa ya pili,
juu ya duka la fundi viatu.
Jumapili mchana, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla ya jambo lolote nataka kujua hali yako. Kifua kimeachia? Baridi ya hayo maghala ya barafu unayofanyia kazi unaiweza, au bado unavaa soksi mbili mbili? Tulipoongea kwa simu nilikuuliza habari, ukasema nzuri tu. Nikauliza kazi, nzuri tu. Nikauliza kama unakula vizuri, nzuri tu. Hilo nitalirudia huko chini, usidhani limenipita.

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako yu mzima, mgongo humuuma tu akiona ndoo ya kubeba. Mimi bado nipo pale pale kwa dobi, kwenye meza ya pasi, na mashuka ya hoteli hayaishi. Mwenye duka alisema mbele ya watu kwamba hakuna mkono unaonyoosha kola kama wangu. Sikumwomba aseme, lakini kwa kuwa amesema, nakuandikia.

Sasa habari ya mpwa wako, Bi Kwanini. Jina ulilompa akiwa mdogo halijamtoka, ila siku hizi anawasumbua walimu badala yetu. Kimo amenipita. Ukimwona anashuka ngazi na mkoba wake utadhani ndiye mwalimu. Wahenga walisema chema chajiuza, ingawa mimi hukisaidia kidogo kwa kukitaja.

Anataka kuwa mpima ardhi, wale wanaosimama kando ya barabara na chombo cha miguu mitatu wakifumba jicho moja. Kwa hiyo ni lazima abaki kwenye darasa la hesabu za juu. Na hapo ndipo kuna jambo ambalo sikukuambia kwenye simu.

Mwanzoni mwa mwaka mwalimu wao wa hesabu, mama mmoja mpole asiyepaza sauti, aliwaambia wanafunzi kila mmoja amtafute mtu nyumbani asiyejua hesabu, amfundishe jioni alichojifunza mchana. Ukiweza kumwelewesha asiyejua, basi umejua. Mpwa wako hakuhangaika kutafuta, alinitazama tu. Baba yake akasema mtoto ana bahati, maana kwa kutojua hesabu mama yake hana mpinzani. Nilimwacha acheke. Aliyechaguliwa ni nani, mimi au yeye?

Basi kila jioni mimi nanyoosha nguo zetu na yeye anakaa upande wa pili wa meza na karatasi zake. Kuna kitu wanakiita fankisheni. Nilivyomwelewa, ni kama mashine: unaingiza namba, inafanyiwa kazi humo ndani, inatoka nyingine. Mashine ya siku ile ilikuwa inazidisha kwa mbili, halafu inaongeza tatu. Kisha wanatakiwa watengeneze mashine ya kurudisha, ili namba iliyotoka irudi kuwa ile ile ya kwanza. Yeye akasema ni rahisi: gawanya kwa mbili, halafu toa tatu. Alisema haraka haraka, uso unang'aa. Nilitaka kumwambia anionyeshe namba moja ikienda na kurudi, niione kwa macho yangu. Lakini alivyofurahi vile, nikasema, nimeelewa, mama. Akakunja karatasi.

Sikuwa nimeelewa hata chembe. Na yeye pia hakuwa ameelewa, ila hapakuwa na wa kumwambia.

Mtihani ulipokuja akaanguka. Swali kubwa la kurudisha namba alilikosa lote, kosa ni lile lile. Mwalimu aliniita, akaniambia mtoto hashindwi na mambo makubwa, anajikwaa kwenye misingi: mabano, sehemu, alama ya kutoa inayodondoka njiani, nini kifanywe kwanza na nini kifuate. Akampa nafasi moja ya kurudia. Akishindwa anahamishiwa darasa la kawaida, na upimaji ardhi ndiyo basi tena.

Jioni ile hatukuwasha pasi. Akaniuliza, "Mama, siku ile ulielewa kweli?"

Nikamwambia hapana.

"Sasa mbona ulikubali?"

"Nilikuona umefurahi, mwanangu."

Akawa anazungushia waya wa pasi kidoleni. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Wa kunisifu ninao wengi, mama," akasema. "Wewe nataka unikatalie."

Mdogo wangu, neno hilo lilinikaa. Unanijua. Jengo zima hili wanajua alama za mtoto wangu, mpaka fundi viatu huwahadithia wateja. Kumbe mtoto niliyemwita injinia kwenye kila ngazi ya jengo alikuwa anaona haya kuonekana hajui kitu kidogo kama alama ya kutoa.

Tukaanza upya. Alirudi kwenye mambo ya madarasa ya chini, mabano na sehemu, jioni baada ya jioni. Wenzake wakamtania kwamba anafanya hesabu za watoto, akawajibu kwamba nyumba haianzwi na paa. Na mimi nikawekewa sharti: marufuku kusema nimeelewa kabla sijatoa namba yangu mwenyewe na kuiona inarudi. Baba yake akasema kwa kukataa amempata bingwa, yeye anakataliwa tangu siku ya harusi na halipishwi ada.

Siku moja nilimkatalia mara tatu mfululizo, ile ile mashine ya kurudisha. Akakasirika, akaniambia kichwa changu ni pasi baridi. Nikamjibu pasi baridi hailaumiwi, inawashwa. Akageuza uso asicheke, macho yakaangukia koti la baba yake kwenye kiti.

"Mama, baba asubuhi anavaa nini mwisho?"

"Koti."

"Na akirudi anaanza kuvua nini?"

Hata sikujibu, maana alishaanza kuandika. Akasema nimpe namba. Nikampa saba, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mlangoni pa nyumba tuliyozaliwa mimi na wewe. Saba mara mbili, kumi na nne, ongeza tatu, kumi na saba. Kurudi, akaanza kuvua koti: toa tatu kwanza, kumi na nne, ndipo ugawanye kwa mbili. Saba ikarudi nyumbani. Nikasema nimeelewa, na safari hii ilikuwa kweli.

Majibu ya mtihani wa marudio yametoka juzi. Amebaki darasa la hesabu za juu! Hakuwa wa kwanza, wapo waliomzidi mbali, na mimi sijali. Najali kidogo. Lakini aliponiletea karatasi nikaona pembeni ya swali la kurudisha namba ameandika kwa penseli, herufi ndogo ndogo, hesabu ya kujihakikishia mwenyewe kabla ya kujibu. Mashine yao ilikuwa nyingine kabisa, lakini namba aliyoiingiza ni saba. Namba yangu, ndugu yangu, imekaa ndani ya mtihani wa hesabu za juu, na mwalimu ameipigia tiki.

Mama mkubwa anakusalimu, anasema magoti yake yanamkumbuka kuliko unavyomkumbuka wewe. Shemeji yako anakusalimu. Bi Kwanini anamsalimu mjomba wake. Nisalimie wifi yangu, mwambie asikuache utoke bila kitu kifuani. Mungu awafunike kwa rehema zake na awaepushe na kila la shari.

Nimesema nitarudi kwenye lile jambo letu. Nikikupigia simu tena nitakuuliza habari ya kifua, ya kazi, na ya chakula. Ukiniambia nzuri tu, nitakujibu sijaelewa. Na nitaendelea kukujibu hivyo mpaka unieleze.

Wako akupendaye sana,
Dada yako, mama wa mpima ardhi
(bado hajawa, lakini fundi viatu ameshaambiwa).