Wiki Sita na Wifi Mbele ya Televisheni

Jumapili, 3 Machi

Zilibaki dakika kumi filamu iishe. Kumi tu! Mpelelezi ameshawakusanya wote sebuleni, anawapitia mmoja mmoja kwa macho — kengele ya mlango. Mume wangu anaingia kinyumenyume, kamshika dada yake kwapani, nyuma yao dereva wa teksi na mabegi.

Mguu wa kushoto wa wifi umefungwa plasta kuanzia vidoleni mpaka chini ya goti. Alipanda kigoda kutundika pazia, kigoda kikateleza. Wao wanakaa ghorofa ya nne na jengo halina lifti. Mumewe ni fundi wa lifti! Nilitaka kucheka, nikameza kicheko. Sisi tuko chini, kwa hiyo wiki sita hizi atakaa hapa.

Amekalia sofa. Upande wangu. Rimoti mkononi mwake. Muuaji sijamjua. Nahisi ni daktari. Mtu akiwa mpole kupita kiasi kwenye filamu za namna hii, huyo huyo.

Jumanne, 5 Machi

Leo kazini nimesaga lenzi kumi na nne za miwani, macho yamechoka, nafika nyumbani nakuta tamthilia ya wifi. Saa kumi na mbili jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa, haikosi. Binti yatima kaolewa kwenye nyumba ya kitajiri, mama mkwe hamtaki, barua fulani imefichwa.

Maoni yangu, bila kupaka mafuta: takataka. Mtu akisikia habari mbaya lazima ageukie dirisha. Kila mtu! Nyumba ile ina madirisha mangapi? Mama mkwe anasema neno moja, kamera inamrukia mara tatu. Binti amezimia siku tisa hospitalini, ameamka wanja uko pale pale.

Nikayasema yote hayo. Wifi akanisikiliza kwa adabu, halafu: "Umemaliza? Haya sogea, unanizibia."

Nimekaa mpaka mwisho. Si kwamba napenda. Nataka tu kujua barua kaificha nani.

Jumamosi, 9 Machi

Zamu yangu! Tumekubaliana: siku za kazi ni zake, Jumamosi na Jumapili ni zangu. Nikaweka filamu ninayoipenda kuliko zote, ile ya mlinzi wa kivuko cha reli. Mwanamume anafunga geti, treni inapita, anafungua geti. Hasemi kitu karibu filamu nzima. Mkewe anashona, anapika, mwishowe anapanda treni na kuondoka, na yeye anamfungia geti kwa mkono wake mwenyewe, amesimama wima. Mimi hapo hulia. Kila mara.

Wifi dakika ya ishirini: "Huyu bwana ana tatizo la koo?"

Nikamweleza kwamba ukimya wake ndio kina chake. Mtu mwenye mengi moyoni hana haja ya kupayuka. Akaniangalia kama anayeangalia mtoto aliyesema jambo la kuchekesha. Akarudi kuangalia. Hakusema tena mpaka majina yakapanda. Nilidhani imemgusa.

Akauliza kama kuna chai.

Jumatano, 13 Machi

Mfululizo mpya wa polisi umeanza. Inspekta wake amevaa miwani minene ya fremu nyeusi, anaivua na kuivaa ili tujue anafikiri. Lenzi ni kioo kitupu! Nimeona mara moja. Mtu asiyeona mbali akivaa miwani yake, ukingo wa shavu lake ukiutazama kupitia lenzi unaonekana umeingia ndani. Wa huyu umenyooka kama rula. Inspekta mzima, anaona vizuri kuliko mimi.

Nimemwonyesha wifi. Akasimamisha picha, akasogea mpaka pua iguse kioo, mguu kaunyoosha nyuma kama korongo. "Kha! Kweli!" Sasa kila mwenye miwani akitokea tunapiga kelele pamoja: "Kioo!" au "Ya kweli!" Tumempata mmoja tu wa kweli mpaka sasa. Mtangazaji wa hali ya hewa.

Jumapili, 17 Machi

Siku nzuri. Mvua nje, hakuna wa kutoka. Tumeangalia vichekesho viwili na filamu moja ya kutisha. Vichekesho vya kwanza ni vya watu kuanguka, sikucheka hata kidogo, wifi alicheka mpaka akashika plasta. ("Mimi ndiye ninayejua kuanguka, niache nicheke.") Ya kutisha ilikuwa nzuri nusu ya kwanza, kabla hawajatuonyesha zimwi. Zimwi lilikuwa kama mfuko wa saruji uliolowa. Waliotengeneza wangelificha tu tungeendelea kuogopa.

Mume wangu, ambaye ameamka alfajiri wiki nzima kupeleka mikate, alilala katikati yetu tangu dakika ya tatu. Akizinduka anauliza, "Huyo ni nani?" na kabla hujamjibu amekwisha kurudi usingizini. Ndivyo anavyoangalia filamu tangu nimjue. Siwezi kumbadilisha, na wala sitaki.

Jambo moja. Shemeji, mume wa wifi, amempigia simu mume wangu leo, mara ya tatu au ya nne tangu wifi aje. Anauliza, "Mfupa unaendeleaje?" Mume wangu anamjibu mfupa unaendelea vizuri. Basi. Wifi alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye simu, anahesabu vitone kwenye pazia.

Ijumaa, 22 Machi

Yamefumuka.

Kwenye tamthilia leo mume wa yule yatima amepiga magoti kwenye mvua, na maua, anaomba msamaha kwa kutomwamini. Dakika nne nzima! Nikaanza zangu — mvua ile ni ya bomba, angalia nyuma yake barabara kavu. Nikageuka. Wifi analia. Si kulia kwa tamthilia, huko ninakujua. Huku ni kule kwa kubana midomo.

Nikazima sauti. Akasema bila kunitazama:

"Nilipoanguka nikawa chini, mguu umekwenda upande. Mume wangu akatoka chumbani. Unajua neno lake la kwanza? 'Nilikuambia usipande.'"

"Halafu?"

"Halafu akaniinua, akanibeba ngazi zote zile, hospitali, akasimama foleni, akaleta maji. Hakusema kitu kingine mpaka kesho yake. Kesho yake akauliza funguo ziko wapi."

Nikajaribu kumtetea. Nampenda shemeji, sikufichi, shajara. Ndiye aliyetutengenezea mlango wa bafu bila kuombwa. Nikasema huenda aliogopa, wengine wakiogopa hukasirika, na kwamba ni mtu wa ndani sana, ana kina —

"Wifi," akanikata. Kwa upole, ndiyo maana iliniuma. "Kaa naye miaka kumi na tisa halafu uje unieleze hicho kina. Mimi nimechungulia. Sioni maji, nasikia sauti yangu tu ikirudi."

Akasema mguu ukifunguliwa hajui atarudi wapi. Pengine kwa dada yao mkubwa. Pengine atapanga chumba. Kaka yake hajui. Nisimwambie.

Sikumwambia.

Jumamosi, 23 Machi

Wifi kalala mchana. Nikaweka tena ile ya mlinzi wa reli, sauti chini. Sijui kwa nini. Labda nilitaka ushahidi wa kumpelekea.

Safari hii nikamfuata mke. Sijawahi! Mara zote hizo macho yangu yako kwenye geti. Anamuuliza mumewe maswali kumi na moja. Nimehesabu, nimeweka alama kwenye bahasha. Unataka chai? Umesikia kuhusu jirani? Nguo hii inanikaa? Amejibiwa mawili. Moja ni "Ndiyo" na jingine ni kukohoa.

Kwenye swali la saba mwigizaji yule anafanya kitu kwa mikono: anaanza kukunja kitambaa cha meza, anasita, anakikunjua, anakitandika tena. Kazi nzuri ajabu. Na mimi miaka yote nilikuwa namlilia mwenye geti.

Bado ni filamu nzuri. Nadhani ni nzuri zaidi. Lakini aliyeiandika alijua, na mimi sikujua, na nimekuwa nikiwapa watu mhadhara juu yake kwenye kila sherehe ya familia. Aibu kidogo.

Wifi alipoamka nikamwambia, "Swali la saba. Tazama mikono yake." Akasema, "Ya nini? Niliiona siku ile."

Jumatatu, 1 Aprili

Barua ilifichwa na mpishi! Mpishi! Nilisema mama mkwe, wifi alisema baba mkwe, mume wangu (macho yamefumba) alisema mpishi. Hatutalala kwa majigambo yake.

Naikubali tamthilia hii sasa. Madirisha bado yamezidi.

Alhamisi, 11 Aprili

Plasta imetoka. Niliomba ruhusa kazini nikampeleka. Foleni ya muda wa saa nne, mashine ya kukatia ikagoma, ikaletwa nyingine. Mguu umekonda, umepauka, una harufu. Wifi akautazama: "Na huyu naye ni nani?" Daktari akacheka mpaka akaweka karatasi chini. Atembee na fimbo kwanza, taratibu.

Tumefika nyumbani saa mbili kasoro. Tamthilia imeshapita. Kipindi cha kwanza kukikosa tangu aje, na ndicho ambacho jana yake walituachia mlango unagongwa! Tumenung'unika wote wawili kama watoto.

Hajasema anakwenda wapi. Sijamuuliza. Nimegundua kwamba nyumba bila yeye itakuwa na sofa kubwa sana.

Ijumaa, 12 Aprili

Naandika jikoni, kwa penseli ya orodha ya soko, kwa sababu siwezi kusubiri.

Saa kumi na moja na nusu kengele. Shemeji. Peke yake, shati limepigwa pasi vibaya, mkunjo mgongoni. Mume wangu hajarudi. Nikamkaribisha. Akasema ahsante. Wifi kwenye sofa, fimbo mapajani. Shemeji akamsalimia. Akamwitikia. Kisha shemeji akakaa kiti cha mbali, karibu na mlango, kama anayesubiri kuitwa ofisini.

Nusu saa. Sijawahi kuiona nusu saa kama hii kwenye filamu yoyote, na hakuna mwongozaji ambaye angethubutu. Nilizungumza mimi tu. Nilizungumzia mvua. Nilizungumzia lenzi, Mungu wangu.

Saa kumi na mbili muziki ukalia. Wifi akaongeza sauti — makusudi, nadhani. Ajue kwamba hapa kuna ratiba yake. Na hapo kwenye kioo, mezani kwa matajiri, katika kiti cha baba mkwe, amekaa mzee tusiyemfahamu, anamega mkate kama nyumba ni yake.

"Huyu katoka wapi tena?" wifi akaniuliza.

Mimi nitajua wapi? Jana tulikuwa kwenye foleni.

"Ni baba mzazi wa yule binti," sauti ikatoka mlangoni. "Ndiye aliyekuwa anagonga. Hakufa."

Tukageuka wote wawili. Shemeji anaangalia zulia.

"Wewe umejuaje?" wifi.

"Naangalia."

"Tangu lini?"

Akafikiri. Kweli alifikiri, kama mtu anayepima nyaya. "Tangu uondoke. Saa kumi na mbili ikifika nyumba inakuwa..." Akavuta pumzi. "Mwanzoni sikuwa nawaelewa. Yule mpishi nilidhani ni mjomba wao. Sasa nawajua. Jana baba mtu alipoingia, binti hakumtambua, akampa maji tu, kama mgeni. Mzee akayashika yale maji hakunywa. Akasema..."

Nikajua hapo ndipo mwisho, ndipo anapokomea siku zote. Nikachukua birika ambalo halikuwa na haja ya kuchukuliwa, nikaja huku.

Mlango sikuufunga.

Wifi amezima sauti ya televisheni. Tamthilia inaendelea bila maneno, mwanga wake unachezacheza ukutani. Nasikia fimbo inaegeshwa pembeni. Sauti yake si laini, wala si kali:

"Akasema nini?"

Kiti kinasogezwa kuelekea sofa —