Shaba Iliyolainika

Jumanne, 5 Machi 1991
Nimepaka mafuta vali zote tatu za tarumbeta, zile za kubonyeza kwa vidole. Nimepuliza noti ndefu mpaka jua likazama. Kwaresima kanisani tarumbeta halipigwi, lakini midomo ikilala mwezi mzima haiamki. Mvua tangu saa nane. Tangu mke wangu Theresia afariki hakuna wa kuniambia nipunguze kelele. Mwaka wa pili sasa.

Alhamisi, 7 Machi
Parokia imepata matarumbeta mawili mapya. Siku hizi kila kitu kinaingia madukani. Mwalimu Mapunda, anayeongoza kwaya, alinipa moja nijaribu. Jepesi kama kikombe cha bati. Shaba yake nyembamba, sauti inaruka haraka, kali, inafika ukutani na kurudi. Langu zito, shaba nene yenye wekundu; nilibaki nalo bendi ya ushirika ilipovunjwa. Sauti yake inachelewa. Tulipopiga pamoja, ilizama.
"Mzee Komba, sauti hazipatani," alisema. "Tuone Jumapili ya Matawi. Zisipopatana, utapumzika."
Kupumzika na nani? Mazoezi ya Alhamisi ndiyo siku pekee ninayoitwa kwa jina.

Jumatatu, 11 Machi
Nimeazima kipulizio, kile kipande cha kuwekea midomo, chenye kikombe kifupi. Changu ni kirefu. Pumzi inazunguka humo kabla ya kutoka, ndiyo maana sauti ni nzito. Hiki kinaichongoa. Imekuwa kali kweli. Baada ya robo saa midomo imevimba. Si cha umri wangu. Nimekirudisha.

Jumamosi, 16 Machi
Mjinga mimi. Niliona ufa kwenye ukingo wa mdomo mpana wa tarumbeta, unakotokea mlio. Nikautia lehemu juu ya jiko la mkaa, nikaacha moto uzidi. Shaba ikabadilika rangi. Ufa umezibika, sauti imekufa. Shaba iliyopashwa moto sana hulainika, na shaba laini haiiti. Inameza. Kama kupuliza ndani ya blanketi. Nimelia, mtu mzima.

Jumapili, 17 Machi
Sikwenda misa. Hakuna aliyekuja kuuliza.

Alhamisi, 21 Machi
Siku nne za kugonga. Nimeuvika mdomo wa tarumbeta kwenye kichwa cha mchi wa kutwangia, nikagonga kwa nyundo ya mti, taratibu, nikizunguka. Shaba ikigongwa baridi hukaza. Leo sauti imerudi, ila si ile. Pembeni ina ukali kidogo, katikati bado nene. Siijui. Nimeipuliza mpaka jioni. Mazoezi sikwenda, niliona aibu.

Jumapili ya Matawi, 24 Machi
Baada ya misa nilimpigia Mwalimu Mapunda tarumbeta nyuma ya kanisa. Alisikiliza macho chini.
"Ni nzuri, mzee. Lakini si ya kundi. Inajitenga."
"Nitapiga polepole."
"Pumzika, mzee wangu."
Nikamshukuru. Kwa nini nilimshukuru? Nimelifunga tarumbeta kwenye khanga, nikaliweka juu ya kabati.

Pasaka, 31 Machi
Nimekaa benchi la nyuma. Nilitaka wapigaji wakosee. Hawakukosea. Wimbo wa Utukufu ulipoanza, yale matarumbeta mawili mapya yalipaa hadi kwenye bati. Vizuri kabisa. Ndicho kilichouma. Nimekula wali peke yangu.

Jumanne, 2 Aprili
Saa kumi na moja jioni, hodi. Mama Zuhura, jirani aliyehamia hapa Mshangano mwezi wa kwanza, akitokea Nakapanya. Hatujawahi kuvuka salamu.
"Shikamoo baba. Unaumwa?"
"Marahaba. Siumwi."
"Basi mbona kimya? Tangu nihamie, ukipuliza najua magharibi imekaribia. Sasa ndiyo tumefunga, na mimi kila siku nachelewa kubandika uji wa futari."
Nilidhani napulizia kuta tu.
"Siku ya mwisho nilisikia sauti nyingine. Lile la zamani umeuza?" akauliza.
"Ni lilelile. Nililiharibu, nikaligonga upya."
"Aa. Zamani lilikuwa linaguna. Hili linaita."
Akaaga, akarudi kwake. Nikalishusha tarumbeta kabatini. Mvua ilikuwa imekatika, nikatoa kigoda nje. Noti tano ndefu, bila haraka. Ng'ambo ya ua, Mama Zuhura aliwasha moto.