Nilidhani Naombewa

Jumamosi, Ishiara. Joto la huku limenivua sweta niliyotoka nayo Meru asubuhi. Nina furaha ya kipumbavu na leo sina haja ya kuitetea kwa hoja.

Nimefika.

Mume wangu, Mutwiri, alifia kwenye mteremko wa barabara ya kuja huku, lori la mchanga lilipotugonga kwa nyuma. Mimi nilitoka na mkono uliovunjika. Mkono ukapona. Mutwiri alikufa mara moja tu, lakini kichwani mwangu alikuwa akifa upya kila lori lilipofunga breki.

Kisha mwanangu Mwenda, anayefundisha huku, akapata binti. Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake, kwa hiyo naye ni Kendi, kama mimi. Wajina wangu ameanza kukaa, nami nilikuwa sijamwona ila kwenye simu. Niliwasha gari mara kadhaa. Nikifika juu ya mteremko, mikono inakataa usukani, nageuza.

"Jikaze," watu waliniambia. Nalichukia neno hilo. Ni neno la mtu anayetaka kurudi kwenye chai yake.

Ndipo nikaenda kwa Muthoni, mshauri nasaha mwenye ofisi Kaaga, kule Meru. Nilikwenda kubishana, nisifiche. Eti tiba yake ni mtu anipungie vidole mbele ya macho, na msiba upungue? Nilikuwa nimesoma, nimejipanga, maswali yako tayari.

Siku ya kwanza aliniambia nishike akilini ile picha inayoniumiza zaidi, kisha nifuate vidole vyake kwa macho, kushoto na kulia. Akainua mkono mbele ya uso wangu. Papo hapo nikafumba macho na kuinamisha kichwa.

"Mama Mwenda, fungua macho," akasema. "Sikuombei."

"Ungesema mapema! Nilikuwa karibu kuitikia amina."

Tulicheka hadi nikasahau swali langu la pili. Ukilelewa na kanisa la kwetu, mkono ukiinuka, macho hujifunga yenyewe.

Kilichonishinda zaidi ni kunyamaza. Kila nilipoanza mhadhara, Muthoni alinikata: "Usinifafanulie, mama. Umeona nini sasa?" Niliona taa za lori. Niliona vioo. Tukapumzika, tukaanza tena. Wiki zikapita hivyo. Siku moja nikaona kitu kingine: Mutwiri akizungusha kitufe cha redio, akiimba vibaya kama kawaida yake, kabla ya lori lolote.

Sikuwa nimemwona akiwa hai tangu afe.

Nililia, na sikuona haya.

Wataalamu bado wanavutana kama dawa ni kule kufuata vidole kwa macho au ni kitu kingine, na nimewasoma wa pande zote. Ubishi huo siuachi. Lakini asante, Muthoni. Asante kwa kunifunga mdomo, kazi iliyowashinda wengi. Na wale wanaosema kwenda kwa mshauri ni upungufu wa imani, mbona jino likiwauma hawangoji ibada ya Jumapili?

Leo nilisimamisha gari juu ya mteremko, kando ya barabara. Lori la mchanga likanipita, likafunga breki, na lilikuwa lori tu, chafu, limejazwa kupita kiasi. Nikalitukana kama raia yeyote mwenye akili timamu. Kisha nikateremka nyuma yake.

Mkaza mwanangu, Wanja, alikuwa langoni. "Kendi, msalimie Kendi," akasema, akanipa mtoto. Mtoto akanitazama kama mtu aliyecheleweshewa mkutano, kisha akanishika pua.

Jumatatu nitaipanda barabara ile tena nikirudi Meru. Ninaogopa, ila uoga huu ni wa kawaida, wa ukubwa wa kubebeka.

Ndani ya nyumba kuna mtu anaita Kendi. Sijui anamtaka yupi kati yetu. Nimeinuka.