Niandike Siku Gani

Shule ya Shambani,
Ruiru.
4 Desemba 1956

Baba yangu mpendwa,

Kuna kicheko cha mwanamke mmoja ambacho kimekaa masikioni mwangu tangu mwisho wa Oktoba, na ndicho kilichonichelewesha kukujibu. Lakini nisikimbilie huko kabla sijakuamkia. Hujambo, Baba? Kifua chako kinaendeleaje na mvua hizi? Na Mwaitu mama yangu, mguu wake umepona? Mwambie maharagwe aliyompa ndugu yetu Kiilu aniletee yalifika salama, nami nimeyala na walimu wenzangu mpaka nao wameanza kumwita mama yao. Mimi ni mzima. Watoto wamefunga shule wiki iliyopita, na wengi wao sasa wako kwenye mistari ya kahawa pamoja na mama zao, kwa kuwa kahawa imeiva yote kwa mara moja.

Barua yako niliipokea dukani kwa Kirit, ambako barua zetu huletwa. Niliisoma nikiwa nimesimama. Ulisema wazee wa kanisa wamenichagua nitoe ushuhuda wangu katika mkutano wa Krismasi, na kwamba umekwisha kuwaambia watu wa Kangundo waje wamsikie binti yako. Niliikunja nikaiweka ndani ya Biblia na sikuifungua tena kwa siku nyingi. Leo nilirudi kununua karatasi. Shakuntala, mke wa Kirit, aliniuliza kama ninamwandikia mchumba, nikamwambia ninamwandikia baba. Akahesabu karatasi tano nilizochukua, akasema kwamba binti anayemwandikia baba yake karatasi tano lazima amekosa jambo. Nilicheka naye, nikaondoka haraka.

Nataka kwanza nikusimulie habari za mwanamke aitwaye Benta Ajwang. Ni Mjaluo, mume wake anafanya kazi ya mkonge huko Thika, naye anachuma kahawa katika shamba hili letu upande wa Murera. Umri wake sikuwahi kumuuliza, lakini nadhani amenizidi miaka kumi. Hajui kusoma. Alikuja katika darasa langu la ubatizo mwezi wa Machi, mikono bado myeusi kwa utomvu wa kahawa, akakaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, na tangu siku hiyo hakukosa hata mara moja.

Unajua, Baba, jinsi ndugu wa uamsho wanavyofanya mambo yao huku. Mtu husimama katika ushirika na kusema jina lake, kisha husema siku aliyookoka, na kama anakumbuka saa, husema na saa. Ndugu Gathogo, ambaye ushirika wa Thika hukutana nyumbani kwake, alinipa daftari la darasa mwenyewe. Ninamheshimu sana. Katika Hali hii ya Hatari amesumbuliwa na pande zote mbili, Serikali na watu wa msituni, na hadi leo hawezi kukusanya watu kumi kuomba bila kibali cha Bwana D.C., lakini hajapata kusema neno la uchungu mbele yangu. Katika daftari hilo kila mwanafunzi ana mistari miwili, mmoja wa jina na mmoja wa tarehe. Mwanafunzi akiwa hana tarehe, jina lake haliendi kwa mchungaji.

Siku ya kicheko tulikuwa tukifunga darasa kwa maombi, kila mtu akiomba kwa sauti ya chini. Nikasikia mtu anacheka. Hakikuwa kicheko cha dharau wala cha kujizuia. Alicheka kama mtu anayesimulia jambo la nyumbani kwa mwenzake anayemjua, halafu akaendelea kuomba. Nilifungua macho nikaona ni Benta. Nilimwita baadaye na kumuuliza kwa ukali kidogo. Alisema alikuwa akimweleza Mungu jinsi mnyapara alivyoteleza kwenye tope siku hiyo akiwa anawafokea wanawake, na akaona si vizuri kumweleza nusu. Nilimkanya. Nilimwambia Mungu si jirani wa kupiga naye soga. Alinisikiliza kwa heshima, akaniambia asante Mwalimu.

Wiki iliyofuata ndipo nilipowauliza wote tarehe zao. Kina mama wengine walikuwa wamejiandaa. Mmoja alinipa hata jina la mhubiri na wimbo ulioimbwa. Benta alisema hajui siku. Nikamuuliza kama hana hakika kwamba Mungu anampenda. Akashangaa swali lenyewe. Akasema hakika anayo, siku ndiyo hana. Basi nikaacha mstari wake wazi, na orodha niliyompelekea mchungaji haikuwa na jina lake.

Nilidhani hatarudi. Alirudi. Wenzake walimtania palepale mlangoni, wakamwita kwa jina la mtoto wake, Mama Aketch wa darasa la kwanza, na kusema atabatizwa pamoja na wajukuu wake. Yeye aliwajibu kwamba hana haraka, Mto Ruiru haujakauka. Kisha akakaa benchi lake la nyuma na kuimba kuliko wote. Mimi niliyekuwa mbele na ubao na chaki ndiye niliyeshindwa kuwatazama watu.

Sikulala vizuri wiki hiyo, nikaona afadhali nimwendee. Jumamosi nilimfuata kwenye mistari ya kahawa. Alinipa tawi la upande wa pili nichume naye, akaniangalia kidogo, akasema elimu yangu haijafika vidoleni, kwa maana nilikuwa nikichanganya mbivu na mbichi. Nilimwomba anieleze amepataje kumjua Mungu. Ndipo aliponieleza habari za Aketch, kifungua mimba wake, aliyekufa kwa surua mwaka jana akiwa na miaka minne. Alisema siku ya tatu baada ya maziko alirudi kazini kwa kuwa mnyapara alikataa kungoja, na katika mstari kama ule tuliokuwa alimtukana Mungu kwa Kijaluo, matusi ambayo hata mume wake hajawahi kuyasikia. Alimwambia aondoke na asirudi kwake. Akachuma mpaka jua likaanza kushuka, kichwa kimeinama.

Aliacha kuchuma akanitazama.

"Mimi nilimfukuza, Mwalimu. Yeye hakuenda. Nilipoinua debe kichwani nikajua bado iko na mimi, na hajakasirika. Na kabla ya hapo pia alikuwa. Sasa hiyo wewe utaandika siku gani?"

Nilisimama pale na kahawa mbichi mkononi.

Baba, sasa nafika mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka kwa karatasi nne. Tarehe kumi na saba Juni 1951, ile niliyokuandikia kutoka shule ya bweni kuwa siku ya kuokoka kwangu, haikuwa kweli. Ndugu wa uamsho walikuja kututembelea, na wasichana wakaanza kusimama bwenini mmoja mmoja, wakilia na kutaja siku zao. Mimi ndiye niliyekuwa kiranja, na binti wa mwinjilisti, na nilikuwa nimebaki nimeketi na wenzangu wawili tu. Niliogopa. Nikasimama nikasema ni Jumapili iliyopita baada ya sala ya jioni. Jumapili ile sikuhisi kitu isipokuwa njaa. Wasichana walinikumbatia, nami nililia kwa kuwa nilijua nimedanganya, wao wakaona ni machozi ya furaha.

Ungeweza kuwa uongo wa siku moja. Lakini wewe ulinijibu ukasema umeiandika tarehe hiyo kwa wino katika ukurasa wa kwanza wa Biblia yako, chini ya siku yangu ya kuzaliwa, na kwamba Mwaitu alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Ningewezaje kurudi nyuma? Kwa hiyo nikaendelea nayo, na kila mwaka niliiongezea kitu. Mwaka wa kwanza niliongeza mvua juu ya mabati, wa pili taa iliyozimika na kuwaka yenyewe. Nimeisimulia vizuri kiasi kwamba wanawake wawili wa Ruiru waliokoka wakiisikia, na sijui nifikirie nini juu ya hilo. Miaka mitano na zaidi nimewaambia watu kwamba Mungu anawapenda, na mimi mwenyewe nikiomba nilikuwa kama mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa barua ya kughushi, akisubiri kuulizwa. Nikiwa na tarehe hiyo ya uongo ndipo nilipomkatalia Benta.

Jumamosi ile nilitoka kwenye kahawa nikarudi shuleni. Hapakuwa na mtu. Nilikaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yakigusa ubao wake, nikamwambia Mungu kwamba siku ile niliyoitaja bwenini haikuwako. Nilimtajia mvua, nikamtajia taa. Kisha nikanyamaza nikingoja. Sikusikia neno wala sikuona mwanga, Baba. Nakuambia hivyo kwa kuwa sitaki kuongeza kitu tena. Nilichojua ni kwamba hakushangaa. Alikuwako bwenini niliposimama, na miaka yote hii alikaa nami na uongo wangu bila kunitupa, akaniletea hata mwanamke wa kunionyesha hilo. Nilijua ananipenda, mimi huyu, si yule msichana wa ushuhuda. Nilijua tu, kama ninavyojua kwamba wewe ni baba yangu. Ukiniuliza ilikuwa saa ngapi, sikuangalia saa.

Juzi Jumapili nilipanda gari moshi mpaka Thika nikasimama katika ushirika nikasema yote. Dada mmoja niliyempenda sana alitoka nje na hakurudi. Ndugu Gathogo aliniuliza jambo moja tu, kama Benta anajua. Nilimjibu kwamba nilimwendea kwanza nikamwomba radhi, naye akacheka na kuniuliza nililibebaje jambo zito hivyo miaka yote bila kuliweka chini. Gathogo alivua miwani akaifuta, akasema hata yeye amekuwa akiutazama ule mstari wa pili wa daftari kwa miaka na hajui ni nani aliyeuweka. Mchungaji amelipokea jina la Benta. Atabatizwa Jumapili kabla ya Krismasi.

Najua utaona aibu mbele ya watu wa Kangundo, na aibu hiyo mimi ndiye niliyekuletea. Nisamehe, Baba. Naomba uchukue kalamu uikate ile tarehe. Nitakuja nyumbani Krismasi, na wazee wakitaka nisimame, nitasimama niseme haya niliyokuandikia. Wakikataa, nitakaa na Mwaitu upande wa wanawake.

Darasa nimeacha kulifundisha. Jana walipokutana nilimkabidhi mke wa Gathogo, aliyekuja kutoka Thika, daftari na chaki mbele ya wote, nikapita katikati ya mabenchi mpaka la nyuma kabisa, na Benta akamsogeza mwenzake ili nipate nafasi.

Nisalimie Mwaitu kwa moyo wote, na umsomee barua hii polepole, usiruke mahali popote. Msalimie Kiilu na mkewe, na wote wanaouliza habari zangu. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Nduku Kaleli