Ndege ya Saa Nne

Pago Pago, Alhamisi 5 Septemba

Mwanangu Fetuao,

Hujambo? Mimi mzima, ila goti linaninunia. Nilisema mchana kweupe kwamba harusi yako na Semisi sitaikanyaga. Maneno hayo nimeyameza. Tiketi uliyonikatia kwa programu yako mpya ya kampuni ya ndege nimeiona: kuondoka Jumamosi tarehe 14, siku yenyewe ya harusi, saa nne asubuhi. Mkeka laini wa zawadi ya harusi aliousuka marehemu mama yako nimeshauanika. Nitakupeleka madhabahuni mwenyewe.

Baba yako

Apia, Jumamosi 14 Septemba, jioni

Baba,

Shikamoo. U mzima kweli? Ndege imetua bila wewe. Nimesimama mlangoni pa kanisa saa nzima, mchungaji akaanza kukohoa, nikaingia peke yangu. Kama moyo wako bado mzito kwa Semisi, ungeniambia tu. Nimelia mbele za watu.

Binti yako

Pago Pago, Ijumaa 13 Septemba, jioni

Mama,

Marahaba. Mzito wapi! Barua pepe yako imenikuta napiga pasi shati. Tiketi si ya kesho? Huku leo ni Ijumaa. Najua mko mbele yetu siku nzima, nikashangaa, maana kesho yangu kwenu ni Jumapili, lakini nikasema programu ameiandika binti yangu, ameshapiga hesabu zake. Ningebisha mimi ni nani?

Baba yako

Apia, Jumapili 15 Septemba, alfajiri

Baba,

Shikamoo. Kosa ni langu. Muda wa ndege unakaa kwenye hifadhidata kwa saa za dunia. Programu yangu ikausoma bila kuuliza ndege inaondoka uwanja gani, ikauandika kwa saa za Apia. Visiwa vyetu ni jirani, ila mstari wa tarehe unapita katikati, tumepishana saa ishirini na nne kamili, basi saa nne ikabaki saa nne, siku ndiyo ikaharibika. Nilikagua saa tu. Wewe ndiye abiria wa kwanza kukatiwa tiketi kutoka huko. Sasa nimerekebisha: kila safari inasomwa kwa saa za uwanja inakoanzia.

Nisamehe. Usisafiri, tunakuja sisi, na gauni lilelile. Tunaondoka leo Jumapili saa nne, tutashuka kwako Jumamosi. Kwako siku ya harusi yangu bado ipo. Mwambie mchungaji wako atubariki upya, nawe unipeleke madhabahuni.

Binti yako

Pago Pago, Jumamosi 14 Septemba, asubuhi

Mama,

Marahaba. Mchungaji ameshavaa. Niko uwanjani tangu saa moja. Semisi asitangulie kushuka. Anza wewe, nikuone.

Baba yako