Nilisikiliza Kalamu ya Mwalimu

Mshauri mpendwa, shikamoo. Kuna jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa na Ijumaa ndiyo mwisho wake, kwa hiyo nisamehe nikiandika ovyo.

Nafanya kazi kliniki ya watoto, upande wa mazoezi ya viungo, na mwaka huu tumepewa kazi ya kujaribu kipimo cha kuangalia jinsi watoto wachanga wanavyojifunza kugeuka, kuketi na kusimama, hasa njiti na wale waliochelewa kulia walipozaliwa, kipimo chenyewe kilitungwa kwa lugha ya mbali na sisi tumekitafsiri, na kabla hakijaanza kutumika kliniki zote ni lazima ijulikane kama watu wawili wakimtazama mtoto mmoja, kila mtu na fomu yake, bila kunong'onezana, watapata alama zinazokaribiana. Mwenzangu ni mama mmoja tunayemwita Mwalimu kwa sababu ametufundisha karibu sote, mimi alinishika mkono nikiwa sijui hata kumbeba njiti, na siku ya kwanza nilimpa mtoto alama tofauti na zake, akaiangalia fomu yangu akasema tu, "Sawa mwanangu, kila mtu na macho yake," wala hakukasirika, lakini nilijisikia kama nimemkatiza mtu mzima akiongea.

Tangu siku hiyo nikaanza kusikiliza kalamu yake. Mtoto akiweza tunaweka alama ya vema, mkwaruzo mmoja wa haraka, asipoweza tunaweka ya kosa, mikwaruzo miwili, na chumba chetu ni kimya na Mwalimu anaandika kwa nguvu, basi nikawa nasubiri yeye aandike kwanza. Watoto arobaini na mmoja. Daktari anayesimamia utafiti alipoona majibu alifurahi kweli, akasema hajawahi kuona watu wawili wakipatana hivi.

Sasa kuna mtoto mmoja, mama yake ni mshona nguo na anamwita Babu kwa heshima ya baba yake, alizaliwa njiti, ana miezi mitano ukihesabu tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Tulimlaza kifudifudi kwenye mkeka, akainua kichwa, akajisukuma kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto ukabaki umekunjwa chini ya kifua, ngumi imefumbwa. Mwalimu alikuwa amekaa upande wa kulia, mimi kushoto. Nikasikia mkwaruzo mmoja, na mimi nikaweka vema, na ikawa hivyo hadi mwisho wa fomu, jumla ikatoka nzuri, mama akaambiwa mtoto hana shida, arudi baada ya miezi sita. Akanishika mikono yote miwili akasema, "Asante dada, umenitua mzigo."

Watoto wote tuliwapiga video lakini hakuna aliyezitazama tena, na Ijumaa daktari anapeleka majibu wizarani. Mwalimu anastaafu mwezi ujao. Nikisema nitamwaibisha mtu aliyenilea kazini, nisiposema namwona yule mtoto kila nikikunja mkeka. Nifanyeje?

Msikilizaji wa kalamu

*

Mdogo wangu, marahaba. Pole, maana barua yako imejaa majuto na naamini ni ya kweli. Pole yangu inaishia hapo.

Mimi na mume wangu tuna miaka ishirini na mitatu ya ndoa na bado hatujakubaliana kama chai ina sukari ya kutosha. Nyinyi kwa watoto arobaini na mmoja hamkutofautiana, na hakuna aliyeshtuka? Huyo daktari naye ana lake la kujibu, ila hakuniandikia.

Unasema utamwaibisha Mwalimu. Kwa lipi hasa? Umeandika mwenyewe kwamba alikaa kulia, na mkono wenye shida ulikuwa kushoto. Aliandika alichokiona. Ndiyo maana mnawekwa wawili, mmoja asipoona mwenzake aone. Wewe uliona, ukaandika alichokiona yeye, na sasa jina lake liko kwenye karatasi isiyo ya kweli naye hana habari. Hiyo unaiita heshima? Alishakwambia kila mtu na macho yake. Ulichukulia kama lawama, mimi nadhani alikuwa anakupa ruhusa.

Anza na mtoto. Namba ya mama yake iko kwenye faili. Mpigie leo, mwambie kuna kitu ulikiona hukukiandika, kosa ni lako, amlete kesho. Usimtajie ugonjwa, hujui kama upo. Mwambie mkono wa kushoto unahitaji kuangaliwa na daktari, na wewe utakuwepo. Atakuja juu. Mwache, ana haki, wala usimlilie ili akuhurumie.

Ukishakata simu, nenda kwa Mwalimu, mkae wawili mlango umefungwa. Huendi kumwomba ruhusa, unampa habari kabla hajaisikia kwa wengine. Halafu daktari, kwa maandishi, kabla ya Ijumaa. Na usijaribu kurekebisha alama kwa kukumbuka, maana utakuwa unabuni tena. Fomu zako zote ziwekwe kando, video zitazamwe na mtu ambaye hajawahi kukaa karibu na Mwalimu, na kila mtoto ambaye alama zake zitashuka aitwe.

Kazi itachelewa, na huenda wakakutoa kwenye utafiti. Kubali. Kipimo chenu pengine ni kizuri sana, pengine hakifai, na kwa sababu yako hakuna anayejua.

Lakini hilo litasubiri. Mtoto wa miezi mitano hasubiri, na hilo unalijua kuliko mimi, ndiyo kazi yako. Mwalimu hakuuona ule mkono. Daktari ameona jumla tu. Mama ameambiwa mwanawe ni mzima na amewaamini. Aliyeuona na kuelewa ni wewe peke yako, na usipopiga simu wewe, hakuna mwingine wa kupiga.