Taji la Bati kwenye Meza ya Sonara

Jumatatu, 3 Agosti

Kanivali Jumamosi. Mji mzima umepagawa. Leo mteja kasimama mbele ya kabati langu, kaitazama pete niliyoihangaikia wiki nzima, halafu kaniuliza kama nina hereni za plastiki zenye manyoya. Manyoya! Nimemwonyesha mlango. Kwa adabu, lakini mlango.

Jioni zamu ya Chiriku, binti yangu asiyenyamaza hata akila. Wasichana wa saluni yao wataandamana, na kila mmoja ajitafutie taji la rangi yake. "Baba, jicho lako halidanganyiki. Twende ukanichagulie." Twende wapi? Kwa Bi Metameta, muuza takataka wa ng'ambo ya barabara. Mimi, sonara, nionekane napekua ndoo ya bati! Nikamwambia achukue chochote kabatini, dhahabu halisi. Akacheka. Eti dhahabu haionekani kutoka mbali. Chai ikanipalia.

Jumatano, 5 Agosti

Kaenda peke yake. Karudi nalo. Nilikuwa nakula, akanisogezea mpaka puani: "Baba, litazame jiwe lake basi." Nikamwambia chupa iliyovunjika iende jalalani, siyo kichwani. Hakujibu neno. Chiriku huyo! Mama yake kanikata jicho. Anikate tu. Sikulitazama na silitazami.

Alhamisi, 6 Agosti

Nyumba kimya. Raha tupu — nasikia hata saa ya ukutani. Mama yake anasema mtoto alijaribu mataji yote ya yule mama, na hilo kalipendea jiwe la katikati. Jiwe! Hawa watu wanaliita jiwe bila haya. Chakula cha usiku tumekula kama tuko msibani.

Ijumaa, 7 Agosti

Bati ni bati: mguu mmoja wa taji umepata ufa na kuachia kabla hata halijavaliwa. Nilijua. Kumbe Chiriku alikuwa analipeleka kwa fundi viatu akalibandike gundi. Binti wa sonara! Nikampokonya. Nikamwambia aje kesho mchana alichukue, litakuwa limekaa sawa kuliko lilivyotoka kiwandani.

Uso ulivyofunguka. Kaongea mpaka wali umepoa. Sitasema nimefurahi. Lakini niliongeza mboga.

Jumamosi, 8 Agosti

Ee Mungu.

Asubuhi nimewasha moto wa kulehemu kama kawaida yangu. Moto wa dhahabu. Macho kwenye ule ufa, mkono umetulia. Nikahesabu moja — na taji likalegea, likalala mezani kama ute wa yai. Miaka yote hii sijawahi kuyeyusha kazi ya mtu. Nimeyeyusha bati la mwanangu.

Jiwe nalo halikupona. Rangi yake ilikuwa imepakwa mgongoni, imeungua yote. Kimebaki kioo cheusi.

Nimevuka barabara. Ndiyo, mimi, mchana kweupe. Bi Metameta hakunicheka, na hilo ndilo limeniuma. Kasema yamebaki mataji matatu ya namna ile, tofauti ni jiwe tu: jekundu, la kijani, la zambarau. "La binti yako lilikuwa rangi gani, fundi?"

Nimeyatazama moja moja. Nimelishika kwa mkono wangu! Nimelizungusha chini ya taa! Jekundu? Ule ufa naweza kuuchora hata sasa. Jiwe — sijui. Bi Metameta ameuza mengi mno wiki hii, naye hakumbuki. Gauni lake la kanivali, la rangi ileile, liko saluni. Nimempigia mama yake, simu ikalia chumbani, kaisahau. Kumpigia Chiriku mwenyewe? Nimuulize nini?

Nimenunua yote matatu. Nimeyapanga mezani, naandika huku nayakodolea macho. Kaingia mteja, kaipita dhahabu yote bila kugeuka, kauliza bei ya lile la zambarau. Nimemfukuza. Safari hii bila adabu.

Wakisimama barabarani kila mmoja na rangi yake, wangu atakuwa na ya kubahatisha. Na atajua. Papo hapo atajua.

Namsikia. Anaongea tangu kona, anamwambia jirani baba yake ndiye aliyelitengeneza. Nimeyafunika kwa kitambaa. Nimeyafunua. La kijani? Hapana, ngoja —

Anavua viatu mlangoni, hajaingia bado, anaita: "Baba, si umeliona jiwe lake sasa? Umelionaje?"